Wacheza Tekken wa Mwanza wasikimbilie ligi ya mtandaoni

Ligi ya mtandaoni ambayo wacheza Tekken, mchezo wa video wa mapigano, wa Mwanza wamekuwa wakishiriki kwa misimu kadhaa imetangaza kwamba kuanzia msimu ujao mechi zote zitachezwa kwa Tekken 8, toleo jipya, si tena Tekken 7. Tangazo lenyewe ni la mistari michache, ila limewasha moto kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Igoma hadi Nyegezi. Wako wanaotaka tuhame na ligi, kwa hoja kwamba mchezo umesonga mbele na anayebaki nyuma asimlaumu mtu. Wako wanaotafuta ligi nyingine ya mtandaoni, ya Nairobi au Dar es Salaam, itakayowavumilia na toleo la 7. Na kuna kundi dogo, la watu wazima kidogo, linalosema tusajili chama kwanza, tutambulike, kisha milango itafunguka yenyewe. Wanabishana kwa ukali, lakini wote wanapima kwa rula moja: zawadi ni shilingi ngapi, na jina la ligi lina uzito gani.

Nadhani rula hiyo si sahihi. Mchezo wenye mamilioni ya wachezaji unaweza kuchagua ligi kwa zawadi, maana akiondoka mmoja wanakuja kumi. Sisi tukikusanyika wote tunaenea kwenye daladala mbili na viti vikabaki. Kwa jamii ya ukubwa huo, swali la kwanza ni nani anashika ratiba na kanuni, na la pili ni wangapi watakuwa bado wanacheza msimu ukiisha. Ukipima kwa maswali hayo mawili, chaguo linaloshinda ni lile ambalo halitajwi sana: ligi ya ana kwa ana ya ukanda wa ziwa, yenye kanuni tulizoziandika wenyewe, inayochezwa kwa toleo ambalo mashine tulizonazo zinalimudu. Ligi za nje zibaki kuwa mahali pa kumpeleka mchezaji aliyeiva, si mahali pa kuhamishia jamii nzima. Hoja hii ina upande wake dhaifu, na nitaufikia.

Kwanza ieleweke tunazungumzia watu gani. Mwanza, kama miji mingine ya Tanzania, ni mji wa mpira wa pedi, yaani soka la kwenye gemu. Ingia kibanda chochote cha gemu Mabatini au Buhongwa utakuta vijana wanacheza Simba na Yanga zilizopachikwa kwa ufundi wa mtaani, au Arsenal na Manchester City, na anayetaka Tekken anaangaliwa kama mtu aliyeagiza chai kwenye grosari. Hata hivyo Tekken haikuanza jana. Waliokulia enzi za PlayStation ya kwanza wanaikumbuka Tekken 3, iliyoingia kwenye mashine hiyo mwaka 1998, na wanamkumbuka hasa Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoera ambaye mtoto wa darasa la tatu aliweza kumfumua kaka yake kwa kuparamia vitufe vya mateke bila kujua anafanya nini. Wengi waliishia hapo. Wachache walibaki, wakajifunza kuzuia, kuhesabu, kuadhibu, na wachache hao ndio jamii tunayoijadili.

Wamebaki kwa kubembeleza wenye vibanda, na hili ni muhimu kulielewa kwa sababu uchumi wa kibanda ndio unaoamua mengi. Mechi ya mpira inalipiwa moja moja na inachukua dakika kumi na kitu. Pambano la Tekken linaweza kwisha kabla mwenye kibanda hajamaliza kuandika jina kwenye kaunta buku, kwa hiyo bei ya mechi haifanyi kazi, inabidi mlipie saa. Halafu kuna pedi. Mwenye kibanda mmoja wa Igoma alinionyesha kasha la biskuti lenye pedi zilizokufa, akazigawa mafungu mawili juu ya benchi. Za mpira zilikuwa zimeharibika analogi, kijiti kinavuta upande mmoja chenyewe. Za Tekken zilikuwa zimechoka vitufe vya mishale, raba ya ndani imekatika kabisa, na moja ilikuwa imefungwa mpira wa baiskeli ili mshale wa nyuma urudi juu. Alisema anawaruhusu wapiganaji siku za katikati ya wiki tu, tena waje na pedi zao. Mtu wa namna hiyo ndiye mfadhili mkuu wa Tekken Mwanza, apende asipende, na ligi yoyote isiyomfikiria itafia mlangoni kwake.

Sasa tuje kwenye toleo. Tekken 7 iliingia kwenye mashine za nyumbani Juni 2017, ikapatikana kwa PlayStation 4, Xbox One na kompyuta. Tekken 8 ilitoka Januari 26, 2024, kwa PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta. PlayStation 4 iliachwa, na vibanda vyetu vingi vina PlayStation 4, na vingine bado vina 3. PlayStation 5 moja hapa inazidi shilingi milioni moja, na diski ya Tekken 8 ilipotoka iliuzwa dola 70. Mwenye kibanda atanunua mashine hiyo siku wateja wake wa mpira watakapoidai. Kwa ajili yetu hatainunua.

Na hata akiinunua, kuna jambo ambalo wanaoshangilia tangazo hili hawalisemi kwa sauti. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungua akaunti ya PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya mashine hizo. Vijana wetu wanaocheza mtandaoni wana akaunti zinazosema wanaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Kila mtu anajua, na siku nyingi haina madhara. Lakini Mei 2024 mchezo uitwao Helldivers 2 uliondolewa sokoni kwenye Steam, duka la michezo ya kompyuta, katika nchi na maeneo 177 kwa sababu hiyohiyo, kwamba huko hakuna huduma ya PlayStation Network, na waliokuwa wamezoea kujifanya wako kwingine waligundua kuwa mwenye duka anaweza kuamka siku moja na kuuliza unaishi wapi. Ukitaka kucheza Tekken mtandaoni kwenye PlayStation unahitaji pia usajili wa kulipia kila mwezi au mwaka, na unaulipa kupitia akaunti hiyohiyo. Hata Eddy Gordo, kipenzi cha vibanda, hakuwemo ndani ya Tekken 8 ilipotoka. Aliongezwa Aprili 2024 kama mhusika wa kununua peke yake, katika duka ambalo rasmi halitutambui. Kwenye Tekken 7 ya PlayStation 4 yumo ndani ya diski.

Tuwatendee haki wanaotaka kuhama, maana wana hoja nzito. Ya kwanza ni kwamba Tekken 8 si Tekken 7 iliyopakwa rangi. Kuna mfumo mpya unaoitwa Heat unaompa mshambuliaji nguvu kila raundi, na mchezo mzima umeelemea kwenye kushambulia. Mchezaji aliyekomaa kwenye toleo la 7, akiwa amezoea kurudi nyuma na kusubiri kosa, akikalishwa mbele ya toleo la 8 atajikuta anapigwa akiwa amezuia. Kwa hiyo kila msimu tunaobaki na la zamani, pengo linapanuka. Ya pili ni kwamba ushindani unahitaji wapinzani wapya. Watu walewale wakipigana miaka mitano wanazoeana, wanajua mkono wa nani unapenda teke gani, na ustadi unageuka kuwa ujirani. Ligi ya mtandaoni inakukutanisha na mtu wa Mombasa au Johannesburg ambaye hajui jina lako wala tabia zako. Hoja hizi mbili sizipingi. Ninachopinga ni imani kwamba ligi ya mtandaoni, kwa hali yetu, inaleta kweli kile inachoahidi.

Angalia muda wenyewe wa mchezo. Tekken inakwenda kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni milisekunde 16 na ushee. Ngumi ya haraka kuliko zote ya wahusika wengi inafika baada ya fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Sanaa yote ya kuadhibu inakaa humo: mpinzani amekosea, pigo lake limemwacha wazi kwa fremu 10, na wewe una pigo la fremu 10. Nafasi ipo au haipo. Na pigo maarufu la wahusika kina Kazuya na Heihachi, lile linalotoa cheche za umeme, linataka mshale na kitufe vigongwe kwenye fremu moja ileile. Mtu aliyejifunza pigo hilo kwa miezi, akicheza kwenye mtandao unaoyumba, anageuka mwanafunzi tena.

Hapa watu husema tatizo ni umbali, na kwa kuwa intaneti imeboreka tatizo limekwisha. Hesabu haiungi mkono. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unasafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Mwanza hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,100 na kitu kwa barabara, na hata ukiufuata mzunguko wote huo ishara inatumia milisekunde sita kwenda. Haifiki hata nusu ya fremu. Umbali haujawahi kuwa shida yetu kubwa. Shida ni mita kumi za mwisho: simu ya mtu imewekwa dirishani ikigawa bando kwa hotspoti, watu watatu wengine wakitazama video kwenye bando hilohilo, na ishara inafika mara baada ya milisekunde 40, mara 200, mara haifiki. Tekken 8 ina mfumo mzuri zaidi wa kufidia ucheleweshaji kuliko toleo la 7, ambalo mtandaoni lililalamikiwa dunia nzima. Lakini mfumo huo unabashiri mchezaji atafanya nini kisha unajisahihisha. Ucheleweshaji ukiwa wa kudumu unajisahihisha vizuri. Ukiwa wa kuyumbayumba, mhusika anaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine kwenye kioo na wote wawili mnacheza kwa kukisia. Mwenye faiba ya nyumbani na waya hadi kwenye mashine anashinda kabla raundi haijaanza. Kwa maneno mengine, ligi ya mtandaoni hapa inapanga watu kwa aina ya ruta waliyonayo, kisha inaita matokeo hayo ustadi.

Na tusijifanye tumesahau. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, siku kadhaa ukitaka kufungua ukurasa mmoja unachemsha maji kwanza. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Katika matukio yote mawili wenye ligi iliyo nje ya nchi hawana kosa, ila kanuni zao zina kipengele cha kawaida kabisa: asiyetokea amepoteza. Kanuni hiyo ni ya haki Seoul. Ukiihamishia Mwanza inamwadhibu mtu kwa jambo ambalo si la mikono yake, na hakuna wa kumweleza kwa sababu hakuna mtu wa Mwanza anayekaa kwenye meza ya kanuni.

Hilo la meza ndilo kiini cha ninachosema. Historia ya michezo hii imejaa ligi zilizofungwa na mwenye mali huku wachezaji wakisoma habari kama watu wengine. Desemba 2018 kampuni ya Blizzard ilitangaza kwamba ligi yake ya Heroes of the Storm haitaendelea mwaka uliofuata, na timu zilizokuwa zikijiandaa kwa msimu zikabaki zimejiandaa bure. Novemba 2022 waandaaji wa Smash World Tour, mashindano makubwa ya mchezo wa Super Smash Bros. yaliyojengwa na mashabiki wenyewe, walitangaza kuyafuta baada ya kushindwa kuelewana na Nintendo kuhusu leseni. Mwaka uliofuata Nintendo ikatoa miongozo inayozuia mashindano ya mashabiki yasizidi watu 200 ana kwa ana. Hata wakubwa hawana kinga: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki na Saudi Arabia walitangaza mwaka 2024 ushirikiano wa miaka 12 wa michezo ya Olimpiki ya esports, yaani mashindano ya michezo ya video, na Oktoba 2025 wakaachana kabla hata shindano moja halijachezwa. Mkataba wa miaka 12 haukumaliza hata miaka miwili. Sasa sisi tunataka kufunga jamii yetu nzima kwenye ligi ambayo mwendeshaji wake anaweza kubadili toleo kwa mistari michache.

Wapo watakaonijibu kwamba hata toleo la 7 si letu, ni la kampuni ya Bandai Namco. Kweli. Lakini kuna tofauti kati ya mchezo ulio ndani ya diski, kwenye mashine isiyohitaji kuuliza mtu yeyote ruhusa, na mchezo ambao bila akaunti, usajili na seva haukupeleki kwenye ligi. Smash Bros. Melee ya Nintendo ilitoka mwaka 2001. Kwa miaka mingi mwenye mali hakuitakia mema kama mchezo wa ushindani, na mwaka 2013 alijaribu hata kuzuia isirushwe moja kwa moja kutoka Evo, mashindano makubwa ya michezo ya mapigano, kabla ya kubadili msimamo. Bado inachezwa na inajaza kumbi, kwa sababu wachezaji wake walikuwa na mashine zao, televisheni zao za kizamani, na desturi ya kukutana. Hakukuwa na swichi ya kuzima.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi zaidi, ni kwamba tukijifungia kanda ya ziwa vipaji vyetu havitaonekana. Inasemwa kana kwamba ni jambo lililo wazi. Tekken yenyewe ndiyo mchezo unaoikanusha vizuri zaidi. Februari 2019 kijana wa Lahore nchini Pakistan, Arslan Siddique, anayejulikana kama Arslan Ash, alifika Evo Japan baada ya safari iliyojaa usumbufu wa viza na ndege za kuunga, mchezaji ambaye nje ya eneo lake hakuna aliyemhofia, akatwaa ubingwa. Agosti mwaka huohuo akatwaa Evo ya Las Vegas kwa kumshinda Knee wa Korea Kusini kwenye fainali. Akawaambia watu kwamba nyumbani kuna wengine wa kiwango chake. Wengi walidhani ni unyenyekevu, hadi Wapakistani wengine walipoanza kufuata, na Februari 2023 Atif Butt akachukua fainali ya dunia ya Tekken World Tour mjini Amsterdam. Watu hao hawakulelewa na ligi ya mtandaoni yenye zawadi. Walilelewa kwenye vibanda vya mtaani, bega kwa bega, anayepigwa anatoka na anayeshinda anabaki, na kwa miaka dunia haikuwaona. Kutoonekana hakukuwazuia kuwa wazuri. Karibu nasi zaidi, Sylvia Gathoni wa Nairobi, anayejulikana kama Queen Arrow, alianzia kwenye mashindano ya ukumbini jijini kwake kabla timu ya nje haijamsajili.

Ila hapa ndipo udhaifu nilioahidi kuufikia. Lahore walikuwa wakicheza toleo lilelile lililokuwa likichezwa Tokyo na Las Vegas. Kukaa kwao pembeni kuliwanoa kwa sababu kisu kilikuwa cha aina moja na cha wengine. Sisi tukikaa na toleo la 7 huku dunia iko kwenye la 8, tunaweza kupata mabingwa hodari wa mchezo ambao hakuna tena wa kucheza nao. Sina jibu linalofuta tatizo hili. Jibu nililonalo linalipunguza: toleo lifuate mashine. Kanuni za ligi ziandike wazi kwamba ligi kuu inachezwa kwa toleo ambalo lipo kwenye vibanda vingi vinavyoshiriki, na kila mwanzo wa msimu tuhesabu. Pembeni kuwe na meza ya toleo la 8 kwa kila siku ya mashindano, hata ikiwa na mashine moja ya mtu binafsi, ili wanaotaka kwenda nje wajinoe na wengine wazoee macho. Siku hesabu itakapogeuka tunahama wote, na hakuna aliyeachwa kizingitini.

Kundi la usajili nalo lina ukweli wake. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ndilo mlango wa chama chochote cha michezo, na Shirikisho la Kimataifa la Esports lenye makao Busan limekuwa likiiweka Tekken kwenye mashindano yake ya dunia, ambako wachezaji huenda kwa jina la nchi. Njia hiyo ipo. Lakini chama kinasajili kitu kilichopo. Katiba, mwenyekiti, katibu na mhuri bila ratiba ya mechi ni karatasi, na tumewaona watu wakigombana kwa uenyekiti wa vyama ambavyo havijawahi kuandaa shindano. Tucheze misimu miwili, tuwe na majedwali ya matokeo na orodha ya washiriki, kisha tumfuate afisa michezo tukiwa na kitu mkononi.

Kuhusu ligi ya ziwa yenyewe, wengi wanaiona ndoto kwa sababu bado wana ramani ya zamani kichwani. Tangu Juni 19, 2025, daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 liko wazi. Kabla ya hapo, mtu wa Sengerema au Geita kuja Mwanza kwa shindano la Jumamosi alihesabu foleni ya kivuko kwenda, foleni ya kivuko kurudi, na hofu ya kulala njiani. Sasa anavuka kwa dakika chache, anacheza, anarudi kwao siku hiyohiyo. Musoma ni barabara ya lami ya asubuhi moja. Bukoba wana meli ya usiku, unapanda jioni unashuka asubuhi, au wanazunguka kwa basi kupitia darajani. Kisumu na Kampala ni hatua ya pili, yenye hati za kusafiria na mipaka, na singeianza nayo. Mizunguko minne kwa mwaka, mji mmoja mwenyeji kila mzunguko, pointi zinajumlishwa. Hayo yanawezekana na watu tulionao.

Na Usukumani jambo hili si geni. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wamekuwa wakishindana kwa ngoma tangu karne ya 19, makundi mawili yakicheza kwa wakati mmoja kila moja upande wake, na mshindi anajulikana kwa upande ambao umati umehamia. Nenda Bujora msimu wa sherehe za Bulabo ujionee. Hakuna kampuni iliyowahi kuwa na haki ya kufuta shindano hilo, na halikusubiri mdhamini ili liwe kali. Nina rafiki anayeona kulinganisha ngoma hizo, ambazo nyingine huchezwa na nyoka, na Tekken ni kumkosea heshima nyoka, na huenda ana haki yake, lakini mpangilio ndio ninaoutaka: washindani wanamiliki kanuni, na watazamaji wapo hapohapo.

Fedha ndizo zitaharibu haya yote ikiwa hatutakuwa makini, kwa hiyo nizitaje. Kiingilio kisigeuke chungu cha zawadi. Kila mtu akiweka elfu tano na mshindi akaondoka na zote, mzazi na mtendaji wa mtaa wataona kamari, na vibanda tayari vina jina baya kwa utoro wa wanafunzi. Kiingilio kilipe saa za kibanda, umeme na pedi, na kitakachobaki kichangie nauli ya mchezaji mmoja kwenda shindano la nje mara moja kwa mwaka. Mechi za siku za shule zisianze kabla ya jioni, na aliyevaa sare asiandikishwe. Mwenye kibanda awe mjumbe wa kamati mwenye kura, si mtu wa kukodisha benchi tu, maana raba za pedi ni zake.

Wanaotaka kubaki kwenye ligi ya mtandaoni wabaki, wala wasiitwe wasaliti. Tunawahitaji, kwa sababu wao ndio watakaotuletea habari za toleo la 8 na kukaa kwenye ile meza ya pembeni. Ombi langu kwao ni moja: wasipige kura ya kuhamisha jina la Mwanza pamoja nao. Kikao cha kuamua kiitwe vibandani, si kwenye kundi la WhatsApp ambako wenye bando kubwa ndio wenye sauti kubwa, na hesabu ya kwanza kufanywa iwe ya mashine. Geita wakija na PlayStation 5 nne na Musoma wakaongeza mbili, nitanyoosha mkono tuhamie Tekken 8 msimu huohuo, na nitamlipia Eddy Gordo mwenyewe.